Milingoti tisa, bendera nane na ya Jumuiya: mpangilio, vipimo na nusu mlingoti

Karani_Nyanza aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Ofisi yetu itapokea wajumbe wa nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkutano wa siku tatu. Mbele ya jengo kuna milingoti tisa ya chuma iliyopangwa mstari mmoja, kila mmoja una mita 6 kutoka ardhini, na kati ya mlingoti na mlingoti kuna mita 2. Stoo tuna seti ya zamani yenye bendera sita, na zimechakaa, kwa hiyo tunanunua mpya zote. Mshonaji ametuandikia bei ya bendera za sentimita 120 kwa 180, zote saizi moja.

Naomba kufahamishwa haya. Nani anaanza na nani anafuata, na bendera ya Jumuiya inakaa wapi? Vipimo vya mshonaji viko sawa? Na tufanyeje tusije tukapandisha bendera ya watu kichwa chini mbele ya mawaziri? Mwenye uzoefu wa itifaki au wa kazi yenyewe ya kamba na mlingoti, naomba anisaidie kwa undani.

---

Itifaki_Dom alijibu:

Mkuu, shika hili kwanza: nchi huru zinapopeperusha bendera pamoja, zote ni sawa. Haikai ya nchi moja juu ya nyingine, haizidi moja kwa ukubwa, na hazifungwi mbili kwenye mlingoti mmoja. Kinachobaki kuamuliwa ni nani asimame wapi kwenye mstari, na hapo alfabeti ndiyo inayoondoa ugomvi.

Ila alfabeti ya lugha gani? Kwa Kiswahili, kwa majina mafupi, mstari unakuwa Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania, Uganda. Kwa Kiingereza, mkifuata majina rasmi yanayotumika Umoja wa Mataifa, Uganda inaitangulia Tanzania, nayo Tanzania inafunga mstari, kwa sababu jina lake rasmi linaanzia kwenye neno la muungano, "United". Kwa Kifaransa mambo yanageuka zaidi: Uganda inaandikwa kwa O, inaruka hadi nafasi ya tatu baada ya Burundi na Kenya, kisha Kongo ya nne, Tanzania ya tano, ndipo Rwanda, Somalia na Sudan Kusini. Chagueni lugha moja, iandikwe kwenye karatasi, na lugha hiyohiyo itumike kwenye vibao vya majina mezani, orodha ya wazungumzaji na bendera ndogo za ukumbini. Malalamiko huanzia pale mpangilio wa nje unaposema hivi na wa ndani ukasema vingine.

Jihadharini na majina marefu ya Kiswahili. Mkiandika "Jamhuri ya" kwa kila nchi, karibu zote zinaangukia herufi J na mpangilio unapoteza maana. Na mkifupisha Kongo kuwa "Kongo" tu, inahama kutoka nafasi ya pili kwenda ya tatu, nyuma ya Kenya. Amueni mapema, msibadilishe katikati ya kazi.

Mstari unahesabiwa kuanzia kushoto kwa mtu anayelitazama jengo kutoka barabarani. Huko ndiko kulia kwa jengo lenyewe, yaani kulia kwa mtu aliyesimama mlangoni akitazama nje, na ndiko kwenye heshima. Hapa watu huchanganya sana, kwa sababu wafungaji hufanya kazi wakiwa upande wa jengo, wanahesabu kutoka kushoto kwao, na mstari mzima unatoka kinyume. Bandikeni namba 1 mpaka 9 kwenye milingoti yenyewe siku moja kabla.

Kuhusu mwenyeji, kuna desturi mbili na zote ni halali. Katika mikutano mingi bendera ya mwenyeji inapewa nafasi ya kwanza, kisha wageni wanafuata kwa alfabeti. Lakini penye shughuli ya jumuiya ambayo wote ni wanachama, mwenyeji anaweza kukaa mahali pake pa alfabeti kama wenzake. Michezo ya Olimpiki inafanya vingine kabisa: Ugiriki huingia kwanza, mwenyeji mwisho, wengi wa waliobaki kwa alfabeti ya lugha ya mwenyeji. Kwa mkutano wenu mimi ningeweka alfabeti tupu, nane mfululizo, na bendera ya Jumuiya kwenye mlingoti wa tisa. Jumuiya ni chombo kilichoundwa na nchi, kwa hiyo nchi zinatangulia.

Kabla ya kufunga chochote, pelekeni mchoro wa mstari kwa watu wa itifaki wa Wizara ya Mambo ya Nje na kwa Sekretarieti pale Arusha. Karatasi moja yenye duara tisa na majina tisa inatosha, na wakishaithibitisha hakuna atakayewalaumu.

Na hiyo seti ya bendera sita msiijazie viraka. Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo seti nyingi za zamani zinaishia Sudan Kusini, na ukichanganya nguo mpya na iliyopauka, nchi mbili zitang'aa na sita zitaonekana zimesahauliwa.

---

Fundi_Mlingoti alijibu:

Nakubaliana na Itifaki_Dom kwenye mengi, isipokuwa nafasi ya bendera ya Jumuiya. Mna milingoti tisa, namba isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo upo mlingoti wa katikati, wa tano. Jumuiya ikikaa hapo, nchi nne zinakuwa upande huu na nne upande ule, na alfabeti inaendelea bila kukatika: Burundi hadi Rwanda kushoto, Somalia hadi Uganda kulia. Macho yanapumzika zaidi. Lakini atakayeamua ni watu wa itifaki, mimi nirudi kwenye vipimo, maana hapo ndipo penye tatizo lenu.

Mshonaji anakosea mara mbili. Kwanza, bendera hizi hazina uwiano mmoja. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Somalia ni 2 kwa 3. Burundi ni 3 kwa 5. Kongo ni 3 kwa 4, fupi kidogo. Sudan Kusini ni 1 kwa 2, ndefu kuliko zote. Kinachofanywa sawa ni kimo, yaani upande unaofungwa kwenye mlingoti, halafu urefu unafuata uwiano wa kila nchi. Ukizilazimisha zote ziwe 120 kwa 180, Sudan Kusini inabanwa na pembetatu yake ya bluu inaharibika, na Kongo inavutwa mpaka ule mkanda mwekundu unalala kuliko inavyotakiwa. Wenye nchi yao wanaliona hilo mara moja. Wapo waandaaji wanaochagua kimakusudi uwiano mmoja kwa bendera zote ili mstari ufanane, na hilo linakubalika mradi kila bendera ichorwe upya kwa uwiano huo, isiwe picha iliyovutwa kwenye kompyuta.

Pili, kimo cha sentimita 120 ni kikubwa kwa milingoti yenu. Kanuni ya mafundi ni kwamba urefu wa bendera uwe robo ya urefu wa mlingoti, na usizidi theluthi. Mlingoti wa mita 6 unabeba vizuri bendera ya mita moja na nusu hivi. Fanyeni hesabu kwa kimo cha sentimita 90: nchi za 2 kwa 3 zinatoka na urefu wa 135, Burundi 150, Kongo 120, Sudan Kusini 180. Sasa fanyeni kwa kimo cha 120: zinakuwa 180, Burundi 200, Kongo 160, Sudan Kusini 240. Nafasi yenu kati ya milingoti ni mita 2. Bendera ya sentimita 240 itapiga mlingoti wa jirani, itajizungusha kwenye kamba ya jirani, na mkiivuta jioni mtazichana zote mbili. Hata Burundi ya 200 itakuwa inagusa. Kwa kimo cha 90, Sudan Kusini inabakiza sentimita 20, inatosha. Agizeni 90.

Kitambaa: poliesta iliyofumwa kwa nguvu inadumu penye upepo mkali na jua, lakini ni nzito, asubuhi isiyo na upepo inaning'inia tu. Nailoni ni nyepesi, inapepea kwa upepo kidogo na inakauka haraka baada ya mvua, ila kwenye upepo wa kila siku ncha yake inachanika mapema. Kwa siku tatu chukueni nailoni. Kwa bendera ya kudumu ya ofisi, poliesta. Pamba iacheni kwa bendera za ndani.

Bendera huanza kufa upande wa nje, kwenye pindo, kwa sababu huko ndiko inakochapwa na upepo. Mwambieni mshonaji akunje pindo la nje mara mbili na apitishe mishono isiyopungua minne, na pembe mbili za nje aziongezee kipande cha pembetatu. Upande wa mlingoti uwe na ukanda wa turubai mweupe, wenye matundu ya pete za shaba au chuma kisichoshika kutu. Pete ya chuma cha kawaida ikilowa mara moja inatoa kutu inayotiririka kwenye kitambaa, na doa hilo halitoki.

Kamba: mlingoti wa mita 6 unataka kamba ya kwenda na kurudi, mita 12, na ya kufungia chini. Hesabuni mita 14 kwa kila mmoja, jumla mita 126. Chukueni kamba ya poliesta iliyosukwa, unene wa milimita 6. Kamba ya katani ni nzuri kwa mzigo, siyo kwa kazi hii: ikilowa inavimba na kukaza, ikikauka inalegea, na ndani ya roda, yaani gurudumu la juu linalopitisha kamba, inaoza bila kuonekana. Pia angalieni upana wa mfereji wa roda iliyoko juu. Kamba ya milimita 8 ikilazimishwa kwenye roda ya 6 inapanda ukingoni, inajibana kati ya gurudumu na kibao chake, na bendera inakwama nusu ya njia. Jaribuni kila mlingoti wiki moja kabla kwa kupandisha na kushusha kitambaa chochote mara tano. Roda inayolia au kugoma itengenezwe siku hiyo, maana hakuna atakayeegemeza ngazi mbele ya wageni. Msipake grisi nzito, inakusanya vumbi na baada ya muda inakuwa gundi.

Kila bendera inataka kulabu mbili zenye mlango wa springi, kumi na nane kwa jumla, na ongezeni nne za akiba. Umbali kati ya kulabu ya juu na ya chini uwe sawasawa na kimo cha bendera, sentimita 90. Mkizifunga kwa umbali mdogo, ukanda unakunjamana na bendera inaonekana imezeeka. Mkizifunga mbali, mnakaza mpaka pete zinang'oka. Kulabu zinazozunguka zenyewe ni bora, zinazuia bendera kujisokota kwenye kamba.

---

MamaLikoni alijibu:

Ndugu yangu wa Nyanza, salamu kutoka Mombasa. Wenzangu wamemaliza habari za mstari na kamba, mimi nijibu lile la kichwa chini, maana ndilo linalotia aibu nchi.

Chanzo chake kikubwa ni ukanda wenye matundu mawili yanayofanana. Bendera za mtindo wa zamani zina kijiti cha mbao juu na kitanzi cha kamba chini, kwa hiyo ukikosea vifungo vinakataa. Zenye pete mbili haziwezi kukukatalia. Dawa yake ni nyepesi: mara bendera zinapofika, kabla hazijakunjwa, shoneni uzi mwekundu kwenye tundu la juu la kila moja, na kulabu ya juu ya kila kamba ifungiwe uzi mwekundu vilevile. Uzi kwa uzi. Hata mtu anayefunga gizani saa kumi na moja alfajiri hatakosea.

Halafu kila mfungaji aijue bendera yake. Ya Tanzania, mkanda mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka pembe ya chini iliyo kwenye mlingoti kwenda pembe ya juu ya nje. Kijani kiko juu karibu na mlingoti, bluu iko chini upande wa nje. Ukiona mkanda unashuka kutoka mlingotini kwenda nje, na kijani kiko chini, imegeuzwa. Ya Kenya, nyeusi juu, kijani chini, na ncha za mikuki zinatazama juu. Ya Uganda ina mistari sita inayojirudia, nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena nyeusi, njano, nyekundu. Kwa mbali ukiigeuza inafanana na iliyo sawa, kwa hiyo tazama korongo: asimame kwa miguu, na uso wake uelekee mlingoti. Rwanda, jua liko juu upande wa nje, mbali na mlingoti, na wengi hulitafuta upande wa ndani wakadhani wamekosea wakati wamepatia. Kongo, nyota ya njano iko juu karibu na mlingoti. Sudan Kusini, nyeusi juu, kijani chini, pembetatu ya bluu inagusa mlingoti.

Burundi na Somalia ndizo za hatari, kwa sababu rangi hazikusaidii. Burundi ina nyekundu juu na chini, kijani pande zote mbili, kwa hiyo kilichobaki ni nyota tatu za katikati: moja iwe juu, mbili chini. Ya Somalia ni bluu nyepesi yenye nyota moja nyeupe katikati. Nyota ina ncha tano, na ncha moja lazima isimame wima kuelekea juu. Ukiona ncha mbili ziko juu, shusha.

Msidhani haya ni ya ofisi ndogo tu. Septemba 2010, New York, bendera ya Ufilipino iliwekwa nyekundu juu kwenye mkutano wa Rais Obama na viongozi wa Asia ya Kusini Mashariki. Kwa Wafilipino bluu ikiwa juu ni amani, nyekundu ikiwa juu ni vita, na ubalozi wa Marekani ulilazimika kuomba radhi. Agosti 2017 Malaysia ilichapisha kitabu cha Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia kikiwa na bendera ya Indonesia iliyogeuzwa, nyeupe juu nyekundu chini, ikawa ya Poland. Na Julai 2012, Glasgow, skrini ya uwanja ilionyesha bendera ya Korea Kusini kando ya majina ya wachezaji wa kike wa Korea Kaskazini. Wachezaji wakatoka uwanjani na mechi yao dhidi ya Colombia ikachelewa takribani saa nzima.

Hilo la mwisho linanileta kwa mshonaji wenu. Msimwachie atafute picha mtandaoni peke yake. Akitafuta "Kongo" anaweza kuwaletea ya Brazzaville: kijani, mkanda wa njano wa mshazari, na nyekundu. Nyingine ya Kinshasa inayozunguka bado ni ile ya kabla ya 2006, bluu yenye nyota kubwa katikati na ndogo sita pembeni. Ya Rwanda ya kabla ya 2001 ilikuwa na herufi R nyeusi katikati, na bado ipo kwenye mikusanyo ya picha. Mpelekeeni mchoro wa kila nchi mkiwa mmeuomba ubalozini, arudishe sampuli moja moja iliyosainiwa, ndipo ashone.

Swali la pande mbili pia litakuja. Nguo ya tabaka moja ikichapwa, rangi inapenya na upande wa nyuma unatoka kama kwenye kioo. Kwa bendera zenu nane hilo halina ubaya. Korongo wa Uganda ataendelea kutazama mlingoti ukiwa upande wowote. Tabaka mbili zilizoshonwa pamoja ni kwa bendera zenye maandishi, mfano ya Saudi Arabia, ambayo shahada yake lazima isomeke sawasawa pande zote.

---

Karani_Nyanza aliandika:

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimerudisha karatasi ya bei kwa mshonaji, sasa tunakwenda na kimo cha 90. Mawili yamebaki. Ikitokea msiba wa kitaifa umetangazwa katikati ya mkutano, bendera nusu mlingoti inafanywaje, na inahusu zote tisa au ya mwenyeji tu? Na juu ya mlango tuna vijiti viwili vya bendera vilivyochomekwa ukutani kwa mshazari, hivyo navyo vinashushwa vipi?

---

Fundi_Mlingoti alijibu:

Nianze na utendaji. Bendera haipandishwi moja kwa moja hadi nusu. Inapandishwa kwanza mpaka kileleni, inatulia kidogo, kisha inateremshwa polepole hadi mahali pake. Jioni hivyohivyo: inarudishwa kileleni kwanza, ndipo inashushwa yote. Ofisi nyingi huruka hatua hiyo ya kwanza, na mtu anayejua anaona mara moja kwamba aliyeshika kamba hakufundishwa.

Nusu ni wapi? Marekani wanachukua katikati kabisa ya mlingoti. Uingereza wanataka bendera iwe angalau theluthi mbili ya njia kwenda juu, na kati ya ukingo wake wa juu na kilele pabaki nafasi isiyopungua kimo cha bendera yenyewe. Mkipewa maelekezo rasmi ya tangazo, fuateni hayo. Msipopewa, kwa milingoti yenu mifupi mimi ningechukua njia ya pili, na sababu ni hesabu. Mkiweka katikati kabisa, mita 3, ukingo wa chini wa bendera unakuwa kwenye mita 2.55. Upepo ukikata, bendera ya Sudan Kusini yenye urefu wa 180 inalala kwenye mlingoti na pembe yake inafika sentimita 75 hivi kutoka ardhini, mahali mtoto anaweza kuishika. Mkiweka ukingo wa juu kwenye mita 4.5, wa chini unakuwa 3.6, na hata upepo ukikata pembe inabaki mita 1.8.

Zote lazima zilingane. Kwa macho hamtaweza, kila mtu ataona nusu yake. Leo, kabla ya shughuli, pandisheni bendera moja mpaka kimo mlichochagua, mtu asimame mbali aithibitishe, kisha fungeni uzi mweusi kwenye kamba pale inapopita kwenye kishikizo cha chini. Pimeni umbali kutoka kulabu ya chini hadi uzi huo na urudieni kwenye kamba zote tisa. Siku ikifika, kila mmoja anashusha mpaka uzi mweusi ufike kwenye kishikizo, anafunga.

Vijiti vya ukutani havishushwi nusu. Vikiwa vya mshazari, bendera ikiteremka itakunjamana ukutani. Hapo unafungwa utepe mweusi juu ya bendera, chini tu ya kichwa cha kijiti, ncha zake mbili zikining'inia. Bendera za ukumbini nazo ni hivyo.

Na kupandisha kwa siku za kawaida: watu tisa, mmoja kila mlingoti, na wa kumi wa kutoa ishara. Zote zianze pamoja, zipande kwa mwendo wa haraka, zishuke taratibu. Mkiwa na watu watatu tu wanaohama mlingoti hadi mlingoti, kwa dakika kadhaa kutakuwa na nchi zilizo juu na nchi zilizo chini, na mpiga picha atakuwa hapohapo.

---

Itifaki_Dom alijibu:

Kuhusu nani anashusha: maombolezo hutangazwa na serikali ya nchi, na yanaifunga bendera ya nchi hiyo. Huwezi kuishusha ya mgeni kwa uamuzi wako. Anayeamua ni nchi yenyewe, kupitia ubalozi wake au kiongozi wa ujumbe aliyepo ukumbini, na lazima aulizwe.

Njia ziko tatu. Nchi nyingine zikitangaza nazo maombolezo, mstari wote unashuka. Ilitokea Machi 2021 alipofariki Rais Magufuli: Kenya ilitangaza siku saba na kushusha bendera yake pamoja na ya Jumuiya. Zisipotangaza, viongozi wa ujumbe wanaweza kukubali kwa heshima ya mwenyeji. Wasipokubali, au muda usipotosha kuwauliza, bendera za wageni zinaondolewa kabisa na inabaki ya mwenyeji peke yake nusu mlingoti. Uingereza wanaufuata utaratibu huo: bendera ya nchi nyingine haipepei kilele kizima kando ya yao iliyo nusu. Kitu kisichofaa ni mstari wenye moja chini na nane juu, kwa sababu aliye barabarani anasoma kwamba nyingine zote zimeipita moja.

Kama siku moja mtaalika wageni kutoka Ghuba, ikumbukeni ya Saudi Arabia. Haishushwi nusu mlingoti kamwe, kwa sababu ya shahada iliyoandikwa juu yake. Mkiwa na msiba na bendera hiyo ipo kwenye mstari, ongeeni na ubalozi wao mapema. Kwa kawaida njia rahisi ni kuiondoa pamoja na nyingine za wageni.

Kipindi cha maombolezo hutajwa kwenye tangazo, hesabuni kutoka hapo. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999 zilitangazwa siku 30; kwa Mzee Mkapa 2020 na Mzee Mwinyi 2024 zilikuwa siku saba. Andikeni tarehe ya kurudisha kileleni kwenye daftari la mlinzi, na awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo kuwa ndiye mwenye jukumu. Ofisi zinazosahau kurudisha ni nyingi kuliko zinazosahau kushusha.

---

Pwani_Mchangani aliuliza:

Na mkutano ukiwa Unguja, bendera ya Zanzibar inaingia wapi kwenye mstari huo?

---

Itifaki_Dom alijibu:

Haiingii kwenye alfabeti ya nchi, kwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ni Jamhuri ya Muungano. Inapewa mlingoti wake, nje kidogo ya mstari au karibu na mlango wa jengo la Serikali ya Mapinduzi, ikiwa pamoja na ya Muungano nyingine, na ya Muungano ikiwa kushoto kwa anayetazama jengo. Ikaguliwe kwa makini inapofungwa: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na ile bendera ndogo ya Taifa ikae pembe ya juu kwenye mlingoti. Hiyo ndogo nayo ina mkanda unaopanda, kwa hiyo mshonaji akiigeuza peke yake ndani ya kubwa, ni vigumu kuigundua kutoka chini. Iangalieni ikiwa bado mezani.

---

MamaLikoni aliandika:

La kumalizia kabla hamjazikunja. Bendera iliyonyeshewa isikunjwe ikiwa mbichi, hata kwa usiku mmoja. Nyekundu ndiyo inayotoa rangi kwanza, na kwenye ya Kenya iko katikati ya mistari miwili myeupe. Asubuhi mtakuta mistari hiyo imekuwa ya waridi, na sabuni haitairudisha. Zitandazeni ndani, kivulini, kila moja peke yake, mpaka ukanda wa turubai nao ukauke, maana huo ndio unaochelewa. Mkizifua, maji ya baridi na sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha. Ncha ikichanika mnaweza kukata sentimita mbili au tatu na kukunja pindo upya mara moja. Mkirudia mara nyingi bendera inafupika na uwiano wake unapotea, hapo agizeni nyingine.

Na ile seti ya zamani isiishie kuwa matambara ya kufutia magari. Iko kwenye leja ya stoo, kwa hiyo iondolewe kwa maandishi kama mali nyingine ya umma, halafu iteketezwe faraghani, mbele ya mashahidi wawili.

---

Karani_Nyanza aliandika:

Nimechapa majibu yote na kuyagawa kwa wafungaji na mshonaji. Mchoro wa duara tisa umekwenda Dodoma na Arusha leo, na jina la Kongo tumeliandika kwa kirefu. Bendera ya Jumuiya nimeiacha na alama ya kuuliza, wa tano au wa tisa, waamue wao.